Antena Ndogo Kando ya Barabara za Mandhari na za Kihistoria: Masharti Yatangulie Maombi

Nchini Marekani siku hizi kampuni ya simu haihitaji mnara mrefu ili kuongeza uwezo wa mtandao wake. Inafunga antena ndogo kwenye nguzo ya taa au ya umeme, ndani ya hifadhi ya barabara, kisha inarudia hivyo hivyo kila baada ya umbali mfupi. Kwenye barabara ya kawaida watu hupita bila kuziona. Kwenye barabara ya mandhari, au mtaa wa kihistoria wenye nguzo za taa za miaka mingi, kifaa kimoja kilichowekwa vibaya kinaharibu kitu ambacho watu husafiri mbali kwenda kukitazama.

Tunawaandikia wasomaji walio huko, hasa mlioingia kwenye kamati za mipango, mabaraza ya miji midogo na jumuiya za wakazi. Mji unaosubiri maombi yafike ndipo utafute sababu ya kukataa umeshachelewa. Sheria ya shirikisho inaunyima uwezo wa kupiga marufuku, ila inauachia uwezo wa kuamua kifaa kikae wapi na kiwe na sura gani, mradi masharti yamechapishwa kabla.

Anza kwa kuuliza barabara ni ya nani. Blue Ridge Parkway, yenye maili 469, iko chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa, kwa hiyo sheria ndogo ya mji haigusi ardhi yake. Merritt Parkway ya Connecticut ni mali ya jimbo, na vibali vya hifadhi ya barabara hutolewa na idara ya uchukuzi ya jimbo. Barabara nyingine ni ya jimbo katikati, lakini nguzo pembeni ni za shirika la umeme na njia ya waenda kwa miguu ni ya mji. Chora ramani ya umiliki kipande kwa kipande kabla ya kuandika kifungu hata kimoja. Miji mingi imetunga masharti mazuri kwa barabara ambazo haina mamlaka nazo.

Baada ya hapo shika vipimo. Kwa kanuni za Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho, FCC, kifaa kinahesabiwa kuwa kidogo ikiwa kila antena haizidi futi 3 za ujazo na vifaa vingine vyote kwenye nguzo hiyo, pamoja na vilivyokuwapo, havizidi futi 28 za ujazo. Nguzo yenyewe ikiwa na antena isizidi futi 50, au isizizidi nguzo za jirani kwa zaidi ya asilimia 10. Nguzo iliyopo inaweza kurefushwa hadi futi 50 au kwa asilimia 10, chochote kilicho kikubwa. Futi 28 za ujazo ni sawa na ujazo wa friji kubwa la milango miwili. Hicho ni kipimo cha kuamua maombi yaangukie kundi gani. Hakimlazimishi mtu kukubali kabati la ukubwa huo mbele ya nyumba ya karne ya 19. Mwongozo wenu unaweza kuweka ukubwa mdogo zaidi kwa maeneo maalumu, alimradi mafundi waweze kuutimiza.

Sasa muda, ambao ndio unaoangusha miji mingi. Mna siku 60 za kuamua maombi ya kifaa kinachofungwa kwenye nguzo iliyopo na siku 90 kwa nguzo mpya. Ni siku za kalenda, Jumapili na sikukuu zimo, na ndani yake vinaingia vibali vyote vya kazi hiyo: cha umeme, cha kuchimba, cha kufunga njia, na cha kamati ya urithi pia. Fomu ikiwa pungufu mna siku 10 tu za kuandika kinachokosekana, mkitaja kifungu kinachokidai. Mkifanya hivyo, hesabu huanza upya pale nyaraka zilizobaki zikiletwa. Siku ya 11 haki hiyo imekwisha. Kuna na mtego mwingine: mkilazimisha mwombaji afike kwenye kikao cha awali kabla ya kuleta maombi, siku za hatua hiyo nazo huhesabiwa ndani ya muda wenu. Kifanyeni kikao hicho kiwe cha hiari, na mkipe thamani ya kutosha mwombaji atake mwenyewe kuja.

Kamati ya urithi inayokutana mara moja kwa mwezi haiwezi kuumudu mwendo huo. Mpeni ofisa mmoja mamlaka ya kuidhinisha maombi yanayofuata michoro iliyokwisha kupitishwa, na kamati ibakiwe na yale yanayoomba kuruhusiwa nje ya masharti.

Kuhusu ada, FCC iliweka mwaka 2018 viwango ambavyo vinachukuliwa kuwa halali: dola 500 kwa maombi ya hadi vifaa vitano, dola 100 kwa kila kinachozidi, dola 1,000 kwa nguzo mpya, na dola 270 kwa mwaka kwa kila kifaa. Zaidi ya hapo mtatakiwa kuonyesha gharama halisi. Majimbo mengine yameweka ukomo wa chini zaidi, kwa hiyo someni kwanza sheria ya jimbo lenu.

Agizo la FCC la 2018, lililoweka ada na muda huo, lilipelekwa mahakamani na miji kadhaa ikiongozwa na Portland, Oregon. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa iliacha ada na muda kama vilivyo, lakini ikafuta takwa kwamba masharti ya sura yasiwe mazito kuliko ya miundombinu mingine, na takwa kwamba yawe ya kupimika tu. Yaliyobaki ni kwamba yawe ya busara na yachapishwe mapema. Hata hivyo tunashauri muyaandike kwa vipimo. Sharti linalosema "kifaa kiendane na haiba ya mtaa" huzaa ubishi mezani. Linalosema "upana wa kifuniko usizidi kipenyo cha nguzo kwa zaidi ya inchi 6" halihitaji mjadala.

Tukija kwenye mahali, kwa barabara ya mandhari jambo kubwa ni upande. Simama kwenye kituo cha kutazamia bonde, ukiwa katika kimo cha macho ya dereva. Nguzo iliyo upande wa bonde inakata mstari wa upeo, na jicho linakwenda kwake kabla ya kufika mtoni. Nguzo hiyo hiyo ukiihamishia upande wa mlima inapata mwamba na miti nyuma yake, na ukiipaka kijivu au kahawia isiyong'aa inamezwa. Kwa hiyo andika: upande wa mlima kwanza, kamwe isisimame kwenye mstari wa anga au wa maji inapoonekana kutoka vituo vilivyotajwa kwenye ramani. Vitajeni vituo hivyo kwa namba. Daini picha za kuigiza, zinazoonyesha nguzo itakavyoonekana ikishasimama, kutoka kila kituo, pande zote mbili za safari, na moja ipigwe wakati miti imepukutisha majani, kwa sababu picha za kiangazi huficha nguzo ambayo itasimama uchi miezi mitano.

Kwenye mtaa wa kihistoria, nguzo ikae kwenye mpaka wa viwanja viwili, mbali na mlango na dirisha la mbele. Umbali wa futi 300 au 500 kati ya nguzo ni sharti linalopendwa, lakini likitumiwa kama rula linaweza kuisukuma nguzo hadi mbele ya jengo mnalolilinda. Ruhusuni ofisa kusogeza.

Msiandike kwamba antena zote zifukiwe chini. FCC inalihesabu sharti hilo kuwa ni marufuku iliyojificha, kwani antena lazima iwe juu. Vifaa vinavyoisindikiza vinaweza kufukiwa, ila shimo hukusanya maji na joto, na pampu na feni zake hupiga kelele usiku. Mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu na uso wa ardhi, afadhali vifaa vikae ndani ya nguzo.

Nguzo za zamani za chuma au zege hazikupigiwa hesabu ya upepo unaosukuma boksi la ziada juu, na nyingi hazina nafasi ya kupitisha mkongo na umeme kwa ndani. Njia inayofaa ni nguzo mpya ya kuiga, lakini jihadharini: ili ibebe nyaya, shina lake huwa nene kuliko la asili. Wekeni kipenyo cha juu kabisa, na dai mchoro unaoonyesha nguzo mpya na ya jirani pamoja kwa kipimo kimoja. Rangi itajwe kwa namba ya kiwandani, na kipande cha mfano kiletwe kitazamwe juani.

Kifuniko kiwe cha faibaglasi au plastiki, maana chuma na rangi yenye chembe za chuma huzuia mawimbi. Kwa masafa ya juu ya 5G, kuanzia gigahezi 24 hivi, hata kifuniko cha plastiki hupunguza nguvu, na hapo mkubali redio ndogo isiyofunikwa, iliyopakwa rangi ya nguzo. Masafa hayo huzuiwa hata na majani. Mwaka wa pili kampuni itakuja kuomba kukata matawi, kwa hiyo andikeni tangu mwanzo kwamba kibali hakitoi haki ya kupogoa mti wowote.

Mita ya umeme husahauliwa hadi siku fundi anapofunga sanduku la kijivu kwenye nguzo mliyoihangaikia. Ulizeni mapema kama shirika la umeme linakubali malipo ya kiwango maalumu bila mita. Vifaa vipoe bila feni. Njia ya waenda kwa miguu ibaki na inchi 48 zilizo wazi. Na penye kuta za mawe kama za Historic Columbia River Highway ya Oregon, iliyojengwa kati ya 1913 na 1922, mfereji usichimbwe chini ya ukuta wala boliti isitobolewe kwenye jiwe.

Kifungu cha 6409 cha sheria ya shirikisho ya 2012 kinaleta hatari ya baadaye. Baada ya mji kuidhinisha kifaa cha kwanza, kampuni inaweza kurudi na kuongeza urefu kwa asilimia 10 au futi 10, chochote kilicho kikubwa, na mji hauna budi kukubali ndani ya siku 60. Nguzo ya futi 30 inakuwa ya 40. Kinga iliyopo ni uficho: ongezeko linalovunja uficho ulioidhinishwa halilindwi. Kibali cha kwanza kiseme wazi kwamba kifaa kimefichwa kwa kufanana na nguzo ya taa ya asili, na kwamba urefu na kipenyo ni sehemu ya uficho huo.

Mapitio ya Kifungu cha 106 cha sheria ya shirikisho ya urithi ya 1966, yanayopima athari za mradi kwa maeneo ya kihistoria, ni jambo lingine na hayafungamani na kibali cha mji. FCC ilijaribu kuviondoa vifaa vidogo humo, lakini mahakama ya rufani ya Washington ikalitengua hilo mwaka 2019 katika shauri lililohusisha mataifa ya Wahindi Wekundu. Ombeni kushirikishwa kama wadau wa mashauriano, na jibuni haraka.

Katika kikao cha wazi, mwenyekiti awaeleze wananchi mapema kwamba mji hauruhusiwi kukataa kwa hofu ya mionzi ikiwa kifaa kinatimiza viwango vya FCC. Hofu hiyo ikijaa kwenye kumbukumbu za kikao, wakili wa kampuni ataitumia kudai kwamba ndiyo sababu ya kweli. Msemaji aeleze mandhari, mahali na njia mbadala. Mkikataa, sababu zitolewe kwa maandishi. Mwaka 2015, katika shauri la mji wa Roswell, Georgia, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema zinaweza kuwa ndani ya muhtasari wa kikao, lakini zitoke karibu wakati mmoja na uamuzi.

Mwisho wekeni dhamana ya kuondoa kifaa kisichotumika, kwa makadirio ya mhandisi, na siku 90 za kukiondoa baada ya taarifa. Msiiachilie dhamana hadi mkaguzi afike na michoro mkononi, apime kipenyo, urefu na kifuniko, na apige picha kutoka vituo vile vile vilivyotumika kwenye maombi.