Fonti nene ya bango ipewe maneno machache

Katika kazi ya kusanifu mabango na majalada, hakuna fonti ninazozipenda kama zile nene zenye kona za mviringo, ambazo herufi zake zinaonekana kama zimejazwa upepo. Neno likiandikwa kwa fonti hiyo linacheka kabla hujalisoma. Lakini mapenzi hayo yaliwahi kuniharibia kazi.

Nilipewa bango la tamasha la watoto. Jina la tamasha lilikaa vizuri mno, nikaona nisibadilishe fonti hata mahali pengine: tarehe, saa, kiingilio, namba ya simu, vyote nikaviandika kwa herufi zilezile nene. Kwenye kompyuta niliridhika. Bango lilipobandikwa, wapita njia walisimama, wakatabasamu, kisha wakauliza tamasha linaanza saa ngapi. Saa ilikuwa palepale mbele yao.

Nilirudi kulichunguza na nikaelewa. Katika herufi nene, uwazi ulio ndani ya a, e na o ni mdogo tangu mwanzo. Ukipunguza saizi, wino unauziba, na kwa mbali 3, 6 na 8 hazitofautiani. Kwetu tunaoandika Kiswahili tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu maneno yetu yamejaa a. Siku hizi nikichagua fonti ya aina hii, herufi ya kwanza kuitazama ni hiyo. Ya pili ni ng' pamoja na kistari chake cha juu, maana fonti nyingi za mapambo zina kistari kilichotengenezwa kwa haraka, au hazina kabisa.

Asili ya herufi hizi inaeleza tabia yake. Mwanzoni mwa karne ya 19, wachapaji wa London walizinenepesha herufi ili matangazo ya ukutani yapiganie macho ya watu. Mwaka 1827, Darius Wells wa New York akapata njia ya kuchonga herufi za mbao kwa mashine, na herufi kubwa za mabango zikawa rahisi kupatikana. Kisha mwaka 1922 ikatoka fonti iitwayo Cooper Black, ya Oswald Cooper wa Chicago, ambayo mimi bado naiona bora kuliko nyingi zilizoifuata. Nyayo za herufi zake ni za mviringo, kwa hiyo hata mstari ukiyumba kidogo jicho halishtuki. Anayeanza kazi hii namshauri aanze nayo. Lakini zote zilizaliwa kutamka neno moja au mawili kwa sauti kubwa; kueleza habari nzima si kazi yake.

Kwa hiyo naipa fonti nene jina la bidhaa, kichwa cha jalada, au neno la salamu kwenye kifungashio, yasizidi maneno manne. Yaliyobaki nayaandika kwa fonti nyembamba ya kawaida isiyo na madoido. Usiweke fonti mbili za uchangamfu pamoja, zitagombana. Usizivute ziwe ndefu wala pana, kwa sababu unene wake ulipimwa na aliyezichora. Nafasi kati ya herufi ibane kidogo neno likiwa kubwa, hasa A inapokutana na V, au T inapokutana na a, vinginevyo neno linapasuka vipande. Tanzia na taarifa za ugonjwa zisiguswe na fonti hizi hata kidogo. Ni kuwakosea heshima wafiwa.

Soma pia leseni ya fonti kabla ya kumkabidhi mteja kazi. Fonti nyingine ni bure kwa matumizi binafsi tu.

Kabla ya kuchapa, natoa nakala moja, naibandika ukutani na kurudi nyuma hatua kumi. Nafumba macho nusu. Neno kuu likisomeka, nasogea karibu kutafuta saa ya kuanza, na nisipoiona mara moja narudi kwenye kompyuta.