Mradi mmoja, nyaraka tano: namna ya kumwandalia mbunge maswali ya bajeti

Bajeti ikishasomwa bungeni, mtafiti wa kamati hubaki na siku chache kabla vikao havijaanza. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, ilipendekeza mwaka 2002 kwamba serikali iwasilishe bajeti bungeni angalau miezi 3 kabla ya mwaka wa fedha kuanza, lakini mabunge mengi hayapati nafasi hiyo. Kwa hiyo kosa la kwanza ni kutaka kusoma kila kitu. Ukigawa siku 6 kwa miradi 400 utaishia kuandika muhtasari wa hotuba ya waziri, na hotuba hiyo mbunge ameshaisikia.

Chagua miradi 5, isizidi 8. Angalia ukubwa wa fedha, mradi uliopitiliza tarehe ya kukamilika, fungu lililopanda au kushuka kwa zaidi ya robo bila maelezo, na mradi mpya usioambatana na upembuzi yakinifu. Mradi unaogusa mambo mawili kati ya hayo ndio wa kuanza nao.

Kwa kila mradi tafuta nyaraka tano: kitabu cha makadirio, taarifa ya utekelezaji ya robo mwaka, mkataba pamoja na nyongeza zake, hati ya malipo ya karibuni iliyosainiwa na mhandisi mshauri, na ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu. Kila waraka peke yake unaweza kuonekana safi. Kasoro huonekana pale takwimu zake zinapopangwa katika mstari mmoja wa jedwali: fedha zilizoidhinishwa, zilizotolewa na hazina, zilizotumika, bei ya mkataba, kazi iliyothibitishwa, asilimia ya kazi iliyofanyika na muda uliopita. Weka miaka mitano nyuma, si mmoja.

Hapo utakutana na usumbufu wa majina. Mradi ulioitwa "barabara ya mchepuko" mwaka huu ulikuwa sehemu ya "uboreshaji wa mtandao wa barabara" miaka miwili iliyopita, na namba ya kasma (fungu dogo la matumizi ndani ya bajeti) imebadilika. Wakati mwingine ni mabadiliko ya kawaida ya mfumo wa uhasibu, wakati mwingine ni njia ya kuficha mradi uliokwama. Huwezi kujua ni lipi bila kutunza daftari la namba za zamani na mpya. Daftari hilo ni mali ya ofisi, lisiondoke na ofisa anapohamishwa.

Sasa hesabu. Chukua mkataba wa bilioni 120 wa miezi 36. Miezi 24 imepita, yaani asilimia 67 ya muda. Taarifa inasema kazi imefikia asilimia 40, sawa na bilioni 48. Mkandarasi ameshalipwa bilioni 60. Mtafiti mwenye pupa ataandika kwamba bilioni 12 zimelipwa kwa kazi ambayo haipo, na kikaoni mwanasheria wa wizara atamwaibisha mbunge kwa sentensi moja: "Mheshimiwa, hiyo ni fedha ya malipo ya awali."

Kwa hiyo fanya hesabu kabla yao. Malipo ya awali ni fedha anayopewa mkandarasi kabla ya kazi, kisha hukatwa kidogo kidogo kwenye hati zake za malipo. Tuseme yalikuwa bilioni 18, na bilioni 8 zimeshakatwa kwenye hati zilizofuata. Zimebaki 10 ambazo mkandarasi anazo kihalali. Ongeza kwenye 48, unapata 58. Kisha toa fedha ya zuio, yaani sehemu ya kila malipo inayoshikiliwa kama kinga dhidi ya kasoro za kazi. Ikiwa mkataba unaruhusu kuzuia asilimia 10 ya kila hati hadi kikomo cha asilimia 5 ya bei ya mkataba, kikomo ni bilioni 6, na asilimia 10 ya 48 ni bilioni 4.8, bado hakijafikiwa. Malipo yaliyotarajiwa ni bilioni 53.2. Tofauti ya kweli ni bilioni 6.8. Inaweza kuwa ni vifaa vilivyolipiwa vikiwa eneo la kazi, au marekebisho ya bei, au malipo yasiyostahili. Hilo ndilo swali, nalo lina jibu linalopatikana kwenye karatasi: viambatisho vya hati ya malipo.

Usisahau upande wa pili wa mkataba huohuo. Zimebaki bilioni 60 kulipwa na miezi 12 kwisha. Kama fungu la mwaka ni bilioni 10, mradi unahitaji miaka 6. Watu wengi husoma hilo kama ucheleweshaji tu, kumbe lina gharama. Katika mkataba wa ujenzi wa mwaka 1999 wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri ambalo mikataba yake ya mfano hutumika nchi nyingi, mwajiri (mwenye mradi, hapa serikali) hutakiwa kulipa hati ndani ya siku 56 tangu mhandisi apokee madai na vielelezo vyake. Akichelewa, mkandarasi anastahili riba ya asilimia 3 juu ya kiwango cha punguzo cha benki kuu (riba inayotozwa na benki kuu kwa mabenki), na kwa notisi ya siku 21 anaweza kusimamisha kazi au kupunguza kasi. Basi bajeti ndogo kwa mradi mkubwa haiokoi fedha. Inazihamishia kwenye riba na fidia, ambazo mara nyingi hulipwa kwenye fungu jingine kabisa. Masharti mahususi ya kila mkataba yanaweza kubadilisha namba hizo, kwa hiyo soma mkataba ulio mezani.

Kwa miradi mipya ambayo haina historia, tumia historia ya mingine. Bent Flyvbjerg, mtafiti wa miradi mikubwa kutoka Denmark, na wenzake walichapisha mwaka 2002 uchambuzi wa miradi 258 ya usafiri katika nchi 20. Karibu miradi 9 kati ya 10 ilizidi makadirio ya gharama: reli kwa wastani wa asilimia 44.7, madaraja na mahandaki asilimia 33.8, barabara asilimia 20.4. Utafiti wao wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba makadirio ya abiria wa reli yalizidi uhalisia kwa wastani wa asilimia 106, maana yake waliopanda walikuwa chini ya nusu ya waliotarajiwa. Namba hizi zinatosha kumfanya mbunge asikubali makadirio ya reli bila kuuliza, lakini hazithibitishi kwamba mradi ulio mbele yake utazidi kwa kiasi hicho. Afadhali utengeneze orodha yako ya miradi 10 hadi 15 iliyokamilika chini ya wizara hiyohiyo, bei ya kusaini dhidi ya bei ya mwisho. Waziri anaweza kupuuza wastani wa dunia, lakini si rahisi apuuze wastani wa wizara yake.

Chanzo cha ongezeko pia kiulizwe. Jumba la Opera la Sydney lilikadiriwa mwaka 1957 kugharimu kiasi ambacho leo husemwa kuwa dola milioni 7 za Australia, likafunguliwa mwaka 1973 kwa milioni 102. Ujenzi ulianza kabla wahandisi hawajajua paa litajengwaje. Ndiyo maana swali la "michoro imekamilika kwa asilimia ngapi siku ya kusaini?" lina thamani kuliko hotuba nzima kuhusu ubadhirifu.

Maswali yenyewe yawe mafupi. "Kwa nini mradi umechelewa?" litajibiwa kwa mvua. "Ni hati ngapi zilivuka siku 56 bila kulipwa, na riba iliyodaiwa hadi leo ni kiasi gani?" haliwezi kujibiwa kwa mvua. Kila swali liambatane na ukurasa wa waraka na swali moja la kufuatilia endapo jibu litakwepa. Kurasa mbili zinatosha kwa mradi. Ya tatu haisomwi.

Mbunge wa chama tawala na wa upinzani wapewe maandishi yaleyale, siku ileile. Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1974, hukadiria gharama lakini haitoi mapendekezo ya sera, na ni mpaka unaostahili kuigwa. Ukiandika "mradi ufutwe" umekuwa mwanasiasa. Andika kufuta kunagharimu kiasi gani, kuendelea kwa kasi hii kiasi gani, na kukamilisha kwanza sehemu moja kiasi gani.

Kabla ya kufunga faili, tafuta mambo mawili ambayo karibu kila mara hayamo kwenye kitabu: fedha ya matengenezo ya kilichojengwa, na dhamana za serikali. Mkataba wa ubia wa barabara ya kulipia, unaomhakikishia mwekezaji binafsi kiwango cha chini cha mapato, hausomeki kama matumizi mpaka siku magari yanapokuwa machache kuliko makadirio. Omba kifungu cha dhamana, kisha kokotoa malipo ya mwaka iwapo magari yatakuwa nusu.

Baada ya ripoti ya kamati kupitishwa, fungua jedwali jingine: pendekezo, tarehe, jibu la serikali, ushahidi wa utekelezaji. Safu ya mwisho iandikwe "hakuna" mpaka karatasi ifike, na jedwali hilo liwe ukurasa wa kwanza wa faili la bajeti ijayo.