Zawadi za mbio za farasi Ireland: nani analipa, na nani ana filimbi?

SWALI: Mimi ni saisi kwenye zizi la farasi wa mbio huku Kildare, Ireland. Wenzangu hubishana kila siku. Mmoja anasema zawadi za washindi zinatokana na kodi ya kubeti, kwa hiyo watu wakiacha kubeti nasi tumekwisha. Mwingine anasema serikali ndiyo inayotoa. Halafu kuna vyombo viwili vya mbio, HRI na IHRB: kipi kinaweza kumfungia joki? Nifafanulie kama mhasibu.

JIBU: Ndugu yangu, wenzako wote wawili wana ukweli, ila mmoja anazungumzia Ireland ya mwaka 2001.

Mwaka huo ndipo ilipotungwa sheria iliyounda Horse Racing Ireland (HRI), pamoja na Mfuko wa Mbio za Farasi na Mbwa. Mfuko huo ulifungamanishwa moja kwa moja na mapato ya kodi ya kubeti. Kamba hiyo haikudumu. Kodi, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa asilimia 5 ya dau, ilishushwa hadi 2 mwaka 2002, na 1 mwaka 2006. Wakati huohuo watu wanaobeti walihamia mtandaoni, na kampuni za mtandaoni zilizokuwa nje ya nchi hazikulipa chochote hadi sheria iliporekebishwa mwaka 2015. Mwaka 2019 kodi ilirudishwa asilimia 2.

Chukua mfano. Ukiingia duka la kubeti pale Naas ukaweka yuro 10, kampuni inadaiwa senti 20 na mamlaka ya mapato, ushinde usishinde, kwa sababu kodi inahesabiwa kwenye dau na si kwenye faida. Ukiweka yuro hizohizo kwenye mechi ya soka, ni senti 20 vilevile. Lakini ukimpa mpokea dau aliyesimama na ubao wake uwanjani Curragh, kodi hiyo haipo. Sasa niambie, hapo utasemaje kwamba farasi wanajilipia wenyewe?

Siku hizi kiasi cha Mfuko hupangwa kwenye bajeti ya taifa, hupitia fungu la Wizara ya Kilimo, na bunge huidhinisha. Mwaka 2024 zilikuwa yuro milioni 95. Sheria inagawa 80 kwa 20: HRI wakapata milioni 76, mbio za mbwa milioni 19. Kwa hiyo kubeti kukipungua, zawadi hazishuki kesho yake asubuhi. Wanasiasa ndio watakaoulizwa kwa nini bado wanatoa, na swali hilo huulizwa kila bajeti, hasa upande wa mbwa. Na si pesa za serikali tu zinazojaza zawadi: wamiliki hulipa ada za kuingiza farasi, wadhamini huchangia, na viwanja huuza haki za picha zinazoonyeshwa kwenye maduka ya kubeti.

Sasa filimbi. HRI ndiyo hupanga ratiba ya mbio, huandikisha wamiliki na kulipa zawadi. Haimfungii joki. Kazi hiyo ni ya Irish Horseracing Regulatory Board (IHRB), iliyoanza tarehe 1 Januari 2018 ikirithi kazi za Turf Club, chama cha tangu 1790, na kamati ya mbio za kuruka viunzi ya 1869. Waamuzi wanaomwita joki ofisini baada ya mbio ni wao. Leseni ya mkufunzi ni yao. Hata yule anayempigia farasi mluzi akojoe huku wewe umeshika kamba, anachukua sampuli ya kupima dawa kwa niaba yao. Mamlaka yao yanavuka hadi Down Royal na Downpatrick, ingawa viwanja hivyo viwili viko Ireland Kaskazini, chini ya Uingereza.

Mimi kinachonisumbua ni hapa: fedha za IHRB kwa sehemu kubwa hupitia HRI. Yaani anayeutangaza mchezo ndiye anayempa posho anayeuchunguza. Zamani Turf Club ilipojisimamia yenyewe watu walisema ni kesi ya ngedere kupelekewa nyani. Sasa nyani ni mwingine, lakini bado anakula meza moja na ngedere. Sisemi kuna hila. Vitabu vya HRI hukaguliwa na mkaguzi mkuu wa serikali. Ila mwaka 2023 bosi wa IHRB aliieleza kamati ya bunge ya hesabu za umma kwamba mwaka uliotangulia yuro 350,000 zilihamishwa kutoka mfuko wa dharura wa majoki kwenda kwenye bodi, kabla ya kurudishwa. Mhasibu yeyote akisikia hivyo anaweka kalamu chini. Pesa ya mfuko wa hisani haiazimwi kuziba pengo la ofisi, hata kwa siku moja.

Mabishano yenu yakizuka tena, waambie wenzako wafungue taarifa za hesabu za mwaka za HRI, zipo wazi kwa umma. Watafute mstari wa zawadi na mstari wa usimamizi wa uadilifu. Wa pili ndio unaolipa wale jamaa wa mluzi.