Barua kwa mwanangu: mtoto wa mama mdogo

Mwanangu mpenzi,

Salama hapa nyumbani, ila magoti ya baba yako na hii baridi ya Julai. Picha uliyonituma nimeiona. Wanaume wawili, wafalme George wa Uingereza na Nicholas wa Urusi, ndevu zilezile, macho yaleyale, kama kurwa na doto. Nawe ukauliza: "Mama, hivi huyu mfalme wa Uingereza alishindwa nini kumpokea ndugu yake, mpaka akauawa pamoja na watoto wake?"

Umesema "ndugu" nami nimefurahi, maana Wazungu wangesema binamu tu wakamaliza. Mama zao, Alexandra na Dagmar, ni binti za Christian wa 9, mfalme wa Denmark, tumbo moja. Dagmar ndiye mdogo. Kwa hiyo Nicholas wa 2 wa Urusi ni mtoto wa mama mdogo wa George wa 5. Kwetu huyo humwiti binamu. Na mke wa Nicholas, aliyeitwa Alexandra vilevile, mama yake ni dada wa baba yake George: mtoto wa shangazi. Kaiser Wilhelm wa Ujerumani naye mtoto wa shangazi mwingine. Bibi wa George, Wilhelm na mke wa Nicholas ni Malkia Victoria. (Usije ukawasimulia hao wenzako wa London kwamba bibi huyo alimzawadia Wilhelm Kilimanjaro. Mpaka ulichorwa kwa mapatano ya 1886, na Wilhelm hakuwa Kaiser hadi 1888.)

Mwezi Mei 1913 wote watatu walikuwa Berlin, Wilhelm akimwoza binti yake. Mwaka uliofuata Wilhelm na Nicholas wakawa wanaandikiana simu za maandishi, "Willy" na "Nicky", kila mmoja akimbembeleza mwenzake asimamishe jeshi. Vita Vikuu vya Kwanza, Uingereza na Urusi dhidi ya Ujerumani, vikaanza hivyohivyo.

Sasa swali lako. Nicholas aliachia ufalme Machi 1917. Wiki ile watoto wake walikuwa wanaumwa surua. Nywele za mabinti zikapukutika hata wakanyolewa vipara. Serikali mpya ya Urusi ikauliza kama Uingereza itawapokea, na baraza la mawaziri la London likakubali. Aliyerudi nyuma ni George mwenyewe. Katibu wake, Lord Stamfordham, aliandika barua baada ya barua kwa waziri wa mambo ya nje, mpaka mwezi Aprili mwaliko ukafa. Miaka mingi lawama zilimwangukia Waziri Mkuu Lloyd George, hadi barua zile zilipoanza kusomwa.

Aliogopa nini? Wafanyakazi walikuwa wakishangilia mapinduzi ya Urusi, na mke wa Nicholas alionekana Mjerumani mtupu. Ukoo wa George wenyewe uliitwa Saxe-Coburg na Gotha, jina la Kijerumani. Alilibadilisha kuwa Windsor tarehe 17 Julai 1917. Shika tarehe hiyo.

Sikatai kwamba hata angewaita huenda wasingefika. Wanamapinduzi wa Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati ule, hawakutaka waondoke, na njia zilikuwa mikononi mwao. Lakini kushindwa kumfikia mtu ni jambo moja, kumfungia mlango ni lingine. Yale mafuriko mwaka uliozaliwa, ukumbini kwetu walilala watu kumi na wanne, nawe ulilala ndani ya beseni la nguo. Hatukuwa na kiti cha enzi cha kulinda, ni kweli.

Wakapelekwa Tobolsk, Siberia. Aprili 1918 wazazi na binti yao Maria walitangulizwa Yekaterinburg, wengine wakabaki kwa kuwa Alexei, mtoto wa kiume, alikuwa mgonjwa. Alikuwa na ugonjwa wa damu isiyoganda, ulioshuka kutoka kwa bibi Victoria. Ikaja barua kwa mabinti: zishughulikieni "dawa" kama tulivyopatana. Dawa ni vito. Wakakaa na sindano, wakashonea almasi ndani ya nguo zao za ndani. Usiku wa 17 Julai 1918 waliteremshwa chumba cha chini, wao 7 na watumishi 4, daktari akiwemo. Risasi zikawa zinateleza kwenye zile almasi, ndiyo maana mabinti walichelewa kufa. Mwaka mmoja kamili tangu jina Windsor.

Miaka ya 1990, mifupa ilipochimbuliwa, wa kuithibitisha alitafutwa jumba lilelile la kifalme la Uingereza: Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa 2, ambaye bibi yake mzaa mama alikuwa dada wa mke wa Nicholas, alitoa damu yake ipimwe.

Kitu kimoja cha kumtetea George. Aprili 1919 manowari ya Kiingereza, Marlborough, ilimchukua Dagmar kutoka Crimea. Mama mdogo huyo alipokelewa Uingereza na dada yake, kisha akarudi kwao Denmark. Aliishi hadi 1928, na hakukubali kufanyiwa hata sala moja ya marehemu kwa mwanawe, kwa sababu kwake Nicky alikuwa hai.

Baba yako anauliza ile dawa ya magoti utaituma lini.

Mama yako