Shangazi, boti ndogo ya hela taslimu au kubwa ya mkopo?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mtumishi, mzaliwa wa Mwanza, nimehamia Dodoma na familia. Natafuta boti ya alumini ya kwenda kutembelea Mtera na mke wangu, wanangu watatu na mama mkwe tunayeishi naye. Nimepata mbili, zote zimetumika. Moja ni futi 14 kwa 5, tumbo bapa, imeungwa kwa ribiti, injini HP 25. Hela yake ninayo. Nyingine futi 17 kwa 7, ya kuchomelea, chini imechongoka, HP 60. Hiyo mpaka nikope. Mke wangu, mtu wa Mpwapwa, anasema nataka kumuulia wanawe. Nichukue ipi? – Baba wa Watatu, Kisasa*

Marahaba mwanangu. Tuanze na hesabu, maana haina ugomvi. Marekani wana kanuni ya boti ndogo: zidisha urefu kwa upana, vyote kwa futi, gawanya kwa 15, unapata idadi ya watu. Ile ya futi 14 inabeba wanne na kidogo. Nyinyi ni sita, bado dumu la petroli na hotpoti la pilau. Hela uliyonayo, basi, ni ya boti ya familia nyingine. Ya pili inabeba saba.

Halafu Mtera unaijua. Bwawa lilijengwa miaka ya 1970, maji yakafunika miti, na kiangazi kina kikishuka visiki vinakuwa karibu na uso wa maji. Boti ya bati jembamba ikigonga kisiki, ribiti hulegea na maji huingia kidogo kidogo. Utadhani ni ya mvua. Upepo ukianza, tumbo bapa linapigwa na kila wimbi, lililochongoka linalikata. Tumbo bapa lina sifa zake, hasa kwenye maji ya kina kifupi, na ungekuwa mtu mmoja na ndoano zako ningekwambia lipia leo.

Kwa hiyo ni ya futi 17. Ila si mwezi huu. Boti hiyo na injini na tela vinakaribia tani moja, na kama gari lako ni IST, usijaribu kuvivuta hadi Mtera. Na huo mkopo, kama ni wa kausha damu, achana nao kabisa. Boti haiingizi shilingi, inakunywa petroli tu. Weka akiba, na hiyo ikiuzwa itapatikana nyingine.

Sasa mkeo. Umemwandika kwa mstari mmoja, nami nimeurudia mara nyingi kuliko hizo HP zako. Wewe umekua unaoga ziwani. Yeye amekulia kwenye makorongo ya mchanga, maji yakija ni mafuriko. Na Mtera kuna mamba na viboko, hilo hakulitunga. Je, umewahi kumwambia boti ikipinduka nani anamshika mtoto yupi? Nadhani umemwambia bei.

Mpe yeye kazi ya kununua majaketi okozi, moja kwa kila mtu, ya watoto kwa uzito wao na yenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Wavalishwe hapo sebuleni, uwanyanyue kwa mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, rudisha dukani. Kabla ya kulipia boti yoyote nendeni wawili tu, asubuhi maji yakiwa yametulia, mwombeni muuzaji aishushe. Mkeo ajifunze kuwasha, kugeuza na kuzima. Ile kamba nyekundu inayozima injini dereva akianguka, aivae mwenyewe mkononi, aivute, asikie kimya. Mkirudi nchi kavu bado anakataa, basi amekataa, na pesa itumike kwa jambo lingine.

Uliza pia kama boti ina usajili wa TASAC, wale wa serikali wanaosimamia vyombo vya majini, uone karatasi kwa macho.

Na mama mkwe, mwanangu, kuna mtu amemuuliza kama anataka kupanda? Katika barua yote sijaona. Huenda mko watano.