Anza na ng'ombe, kitabu baadaye

Wadogo zangu mnaoanza kuongoza wageni wa ndege, asubuhi ya kwanza kiacheni kitabu kwenye begi. Tafuteni ng'ombe wanaolisha kwenye majani mafupi yenye unyevu. Karibu na kwato mtamwona Motacilla flava, ndege mwembamba wa tumbo la njano. Mimi humwita tikisamkia. Kwato zinafukuza nzi na panzi, naye anawadaka. Kreta ya Ngorongoro anafanya hivyohivyo kwa nyati na nyumbu. Mwea, kule Kenya, mtamkuta kwenye majaruba ya mpunga.

Anazaliana Ulaya na Asia, anaanza kutufikia Septemba na Oktoba, na Aprili anaondoka. Ana gramu 17 hivi, na wengi wao wamevuka jangwa. Mwambieni mgeni hilo kabla hajainua darubini, atamtazama kwa heshima.

Sasa kosa langu. Oktoba yangu ya kwanza niliandika daftarini majina ya jamii tatu, yaani spishi ndogo za tikisamkia huyu, kwa asubuhi moja. Mzee aliyenifundisha akasoma, akauliza, "Kichwa ulikionaje?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekisia. Miezi ile wengi wamepauka, na majike na makinda wanafanana mno. Subirini Februari na Machi, madume yakishabadili manyoya. Hapo jamii zinajulikana kwa kichwa: lutea ana kichwa cha njano, flava kijivu cha buluu na mstari mweupe juu ya jicho, thunbergi kijivu kilichokolea bila mstari huo, feldegg cheusi tii. Kundi moja laweza kuwachanganya, na wapo machotara wasioingia popote. Usipokuwa na hakika, andika jina la spishi tu, Motacilla flava; rekodi hiyo ni nzuri kabisa, na mtu wa baadaye ataiamini.

Sauti ijueni mapema: "tsiip" moja kali anaporuka. Mara nyingi nawasikia kabla sijawaona.

Kwenye vijito vya milimani yuko ndugu yake mwenye mgongo wa kijivu na mkia mrefu zaidi. Wetu mgongo wake ni kijani cha zeituni.

Jioni wanakusanyika kulala kwenye matete. Fikeni saa kumi na moja, mwombeni ruhusa mwenye shamba, simameni mbali na hesabuni wanavyoingia. Mkiwasogelea watahama, na giza likiingia hawana muda wa kutafuta pengine.