Malipo hayamvunjii mshairi heshima

Ndugu yangu, umeuliza kama mshairi anayedai malipo kwa tungo zake anaidhalilisha sanaa. Kwa maoni yangu, hapana. Shairi la beti sita, lenye vina vya kati na vya mwisho na mizani 16 katika kila mshororo, linaweza kumnyima mtunzi usingizi kwa siku kadhaa, akifuta neno na kulirudisha kwa kuwa mizani imezidi kwa moja tu. Kazi hiyo haiwi nyepesi eti kwa sababu husomwa kwa dakika mbili. Sheria nayo imelitambua jambo hili: Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki uliotiwa saini mwaka 1886, unazilinda kazi za fasihi, na ulinzi huo kwa kawaida haupungui maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ninachokihofia, na hapa nakubaliana nawe nusu, ni mshairi anayelipwa mapema na mtu anayetaka kusifiwa, kwa maana huyo ameiuza hukumu yake. Anayeuza diwani aliyokwisha kuiandika hana lawama hiyo, na mara nyingi mapato yake hayamtoshi: T. S. Eliot mwenyewe, mshairi mashuhuri wa lugha ya Kiingereza, alikuwa mfanyakazi wa benki London kuanzia 1917 hadi 1925.